Tundu la Juu, Kulia

Wanangu mafundi, najua mmesahau kwamba nimo kwenye lile kundi lenu la simu. Mjukuu wangu aliniingiza humo nilipostaafu, akidhani nitapata cha kufanya, na tangu siku hiyo sijaandika hata neno moja. Natazama tu. Mnatuma picha za masanduku ya breka za umeme yaliyofunguliwa vifuniko, nyaya zimenyooka, halafu mnapigiana makofi wenyewe kwa wenyewe. Mnadhani Ma Koku amelala. Ma Koku amevaa miwani na ameikuza picha kwa vidole viwili.

Juzi mmoja wenu alituma picha ya sanduku alilolifunga Muleba, nyumba mpya ya familia. Jina lake silitaji, mwenyewe anajijua. Kazi nzuri, sitaki kumnyima haki yake. Nyaya zimeshuka pamoja na kupinda pamoja, vibandiko vimeandikwa kwa mwandiko unaosomeka, na pongezi zikamiminika mpaka simu yangu ikaanza kulalamika. Lakini mimi niliona mambo mawili ambayo hamkuyataja. La kwanza ni tundu la juu, kulia, lisilopitisha waya wowote, ambalo fundi amelifunika kwa mkanda mweusi na kulipaka rangi ya sanduku. La pili liko pembeni ya picha, sakafuni, chini kabisa ya sanduku lenyewe: ndala ndogo za mtoto, moja imelala kifudifudi.

Mtasema bibi huyu amezeeka, analilia tundu la ukubwa wa sarafu. Sawa. Kaeni nami kidogo. Tundu kama hilo, mahali hapo hapo, juu, kulia, lilikaribia kumuua mtu mbele ya macho yangu, na aliyelitoboa nilikuwa mimi.

Mwalimu wangu aliitwa Mzee Zakaria. Alikuwa na karakana Bukoba mjini, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Kilutheri, mtu mfupi mwenye shati lenye mfuko mmoja mkubwa kifuani ambamo aliweka penseli, tesa ya kupimia umeme, na kahawa ya kutafuna. Mimi nilimwendea nikiwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti kimo kwenye bahasha ya kaki, kichwa kimejaa. Nilikuwa binti wa Kikatoliki kutoka Muleba niliyefaulu kuliko wavulana wote wa darasa langu, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo kabla hajamaliza kunisalimu. Mnajua wanavyotutania sisi watu wa Kagera, kwamba ni nshomile, wasomi wa kujisifu. Basi mimi nilikuwa kielelezo. Mzee Zakaria hakukifungua cheti. Alinipa kipande cha waya akaniambia nikimenye ncha. Nikamenya, nikamrudishia kwa maringo.

"Shaba hii yote ya nini?" akaniuliza. "Unataka kuianika?"

Nilikuwa nimemenya urefu wa kidole. Shaba inatakiwa iingie kwenye breka yote, isibaki hata kidogo nje ya mdomo wa breka, na plastiki ifike mlangoni. Nyie mnalijua hilo, ninaona kwenye picha zenu. Mimi na cheti changu sikulijua.

Zamani, kabla yangu hata, nyaya zilipita nje ya ukuta, juu ya mbao nyembamba, zimebanwa kwa klipu za bati. Mgeni akiketi sebuleni kwako aliona kazi ya fundi kama anavyoona picha ya harusi. Fundi mchafu alijulikana mtaa mzima. Siku hizi bomba limo ndani ya ukuta, plasta imefunika dhambi zote, na mahali pekee fundi anapobaki uchi ni ndani ya sanduku la breka. Mzee Zakaria aliniambia hivyo wiki ya kwanza na mimi nikacheka. Nilidhani ni utani.

Na fyuzi zile za kauri! Ilikuwa fyuzi ikikatika, mwenye nyumba anarudishia waya wowote aliouona. Tuliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako ukuta ulikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni. Kufungua, tukakuta mzee mwenye nyumba amefunga spoku ya baiskeli. Alituambia kwa fahari kwamba tangu aiweke haijakatika hata mara moja. Mzee Zakaria alimjibu, "Waitu, ndugu yangu, nyumba ndiyo itakayokatika."

Kuhusu unadhifu alikuwa na mtihani mmoja, na huo mtihani ndio ulionifanya nikawa fundi. Macho yake yalikuwa yameanza kumchoka, kwa hiyo alikagua kwa kidole. Anazima swichi kubwa, anapima kwa tesa kuhakikisha kwamba kumezimika kweli, anafumba macho, kisha anaufuata waya mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, kutoka kwenye breka mpaka pale unapoingilia kwenye sanduku. Kidole kikilazimika kuruka waya mwingine, anasema neno moja tu: "Fumua." Nilifumua masanduku mangapi? Nilifumua mpaka nikaota nafumua. Siku moja nilimwambia, "Mzee, taa zinawaka, soketi zinafanya kazi, kuna shida gani?" Akaniambia kwamba siku breka itakapoanza kunuka hutakuja wewe. Atakuja fundi mwingine, pengine ana haraka, pengine hajui nyumba ile, na itabidi ajue waya upi unakwenda wapi bila kukupigia simu. Waya ulionyooka unamjibu kabla hajauliza.

Ndipo nikajifunza kupinda waya kwa dole gumba na si kwa plaizi, maana plaizi inauchubua. Kuacha urefu wa kiganja kila waya ili kesho mtu akitaka kubadilisha breka asikute waya mfupi usiofika. Breka ya tatu, waya wake wa nyutro uwe wa tatu kwenye safu ya nyutro, waya wake wa arthi uwe wa tatu kwenye safu ya arthi. Kukaza skrubu kisha kuvuta waya. Ukitoka, shukuru umetoka mkononi mwako. Na kila tundu la sanduku la chuma livishwe mpira mdomoni ili ukingo usikate waya, na tundu lisilotumika lizibwe kwa kiziba chake. Hilo la mwisho aliliimba kama kiitikio. Kipimo chake ni kidole, alisema: kama kidole cha mtoto kinaweza kuingia, kazi haijaisha.

Sasa njooni Ijuganyondo.

Miaka kumi na mmoja nilifanya kazi chini ya leseni ya Mzee Zakaria. Fomu zote za kukabidhi kazi zilikuwa na sahihi yake, hata za nyumba ambazo hakuzifikia. Watu walisema, "Zakaria amefunga vizuri," na mimi niliyepanda darini na kushuka na buibui kichwani nimesimama hapo hapo nimeshika ngazi. Iliniuma. Nilitaka leseni yangu, jina langu juu ya karatasi, na hatimaye wahusika wakakubali kunipima. Masharti yalikuwa kwamba nichague nyumba moja niliyoifunga mwenyewe, mkaguzi aje aione. Akiridhika, napata leseni. Asiporidhika, narudi kushika ngazi.

Nilichagua nyumba ya Ta Projesti wa Ijuganyondo. Alikuwa mwalimu mstaafu, ameongeza vyumba viwili na jiko, na umeme ulikuwepo tangu zamani, kwa hiyo nilipaswa kung'oa sanduku la kale la fyuzi na kuweka jipya la breka. Mtu mpole, anayeongea sana, na mwenye ugonjwa mmoja tu: senene, wale panzi watamu wa msimu wa mvua. Wengine wanapenda senene. Ta Projesti alikuwa na kalenda ya senene kichwani. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unaingia, mvua zimeanza, na alikuwa amenunua taa kubwa ya kuwavutia, pamoja na mabati na pipa.

"Koku, omwana wange," aliniambia, "nipe laini ya taa pale nje, chini ya paa."

"Ta, taa hiyo inataka laini yake na breka yake. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akishapita, Jumamosi nakuwekea."

"Senene hawamngoji mkaguzi."

"Basi watamngoja Koku," nikamjibu, nikaendelea na kazi. Nilidhani nimemaliza.

Wale wageni wa kazi hii wajue kwamba sanduku la chuma linakuja na visahani vya mviringo vilivyokatwa nusu. Unapotaka waya upite unagonga, kisahani kinaruka, unapata tundu. Kwa hiyo usigonge bila kutazama. Mimi siku hiyo Ta Projesti alikuwa amesimama nyuma yangu ananisifu, ananiambia sijapata kuona fundi mwenye mkono kama wako, na mimi nikaamua kumwonyesha mkono wenyewe. Nikageuka kumtabasamia huku nyundo inashuka. Kisahani kikaruka. Si kile nilichokitaka. Kile cha jirani yake.

Kiziba cha tundu lile ni kitu kidogo cha plastiki, hakizidi kifungo cha koti. Nilizunguka maduka ya Bukoba siku nzima, ukubwa ule haukuwepo. Mwenye makopo ya vitu hivyo alikuwa mmoja tu: Mzee Zakaria. Na mimi nikamwambie nini? Kwamba mwanafunzi wake aliyemsumbua miaka yote kuhusu leseni ametoboa tundu la bure kwa sababu alikuwa anasifiwa? Niliona heri nimeze nyundo.

Bibi yangu alinifundisha kusuka nikiwa mdogo. Mikeka, vikapu, pete za kuwekea vyungu, mkono wangu unasuka bila kuniuliza. Nilikwenda nyuma ya nyumba ya Ta Projesti, nikachuna kamba kavu za mgomba, nikasuka kimkeka cha mviringo cha ukubwa wa lile tundu, nikakishindilia, nikakipaka rangi ya kijivu iliyobaki kwenye mlango wa choo. Nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Aibu yangu, wanangu, ni kwamba kilipendeza. Ungeweka mashindano ya viziba vya mgomba, ningeshinda mkoa mzima. Kwamba kimo ndani ya sanduku la umeme, kitu kikavu kinachoshika moto kama karatasi, na kidole cha mtoto kinakisukuma ndani bila jasho, hilo nililiweka pembeni nikalifunika na kifuniko.

Jumanne Mzee Zakaria alikuja kuitazama kazi kabla ya mkaguzi. Nilizima, akapima kwa tesa, akafumba macho. Kidole kikatembea. Breka ya kwanza, safi. Ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, hakikuruka hata mara moja. Kisha kidole kikapanda kingo za sanduku, tundu kwa tundu, kikafika juu, kulia. Pale kikasimama. Kikagonga mara mbili, polepole. Kikaendelea.

Akafumbua macho. "Koku, una lolote la kuniambia?"

"Hakuna, Mzee."

"Hakuna kitu chochote unachohitaji?"

"Mzee, kazi imekwisha. Kwani umeona kasoro?"

Alitia mkono kwenye ule mfuko wa shati, akaukawiza humo kidogo, kisha akautoa na punje za kahawa. Akanipa mbili, tukatafuna. Nilifurahi sana moyoni. Nilijiambia, macho yamekwisha kabisa, sasa na kidole nacho kimezeeka.

Ijumaa asubuhi nilifika mapema, nimevaa blauzi ya kanisani. Mzee Zakaria alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Mkaguzi akaja, kijana kutoka mikoa ya huko kati, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, ubao wa kuandikia kwapani. Nikamsalimu Ta Projesti kwa heshima zote, "Shumalamu, Ta," na yeye akanijibu huku anatazama dari. Alivaa koti lake la sikukuu. Nikanusa. Nyumba nzima ilinukia senene wa kukaanga, harufu ile ya mafuta inayokutoa mate kinywani. Nikafikiri mkewe yuko jikoni. Kugeuka, mkewe huyu hapa kwenye kochi, amevaa kitenge kipya, amefunika magoti, na jikoni hakuna moto.

Mkaguzi alianza vizuri. Alisoma vibandiko, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akazima swichi kubwa, akafungua skrubu nne, akavuta kifuniko.

Senene wakamwagika. Sijui niseme wangapi, ila walikuwa wa kutosha familia. Walimdondokea viatuni, wakaingia kwenye soksi, mmoja akapanda na tai. Wengine walikuwa hai, wengine walikuwa wameivishwa na umeme.

"Nzige!" mkaguzi akapiga kelele, akaruka.

"Si nzige, waitu," akasema Ta Projesti, na nilisikia kabisa kwamba ameumia. "Ni senene."

Mkewe alikuwa ameshapiga magoti na ungo. Yule mama hakuuliza swali hata moja, alianza kukusanya. Ta Projesti naye akainama, huyu amekimbilia chini ya meza, yule yuko kwenye pazia, na mimi leseni yangu inatambaa sakafuni kwa miguu sita. Ninawaambia ukweli, nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

Mkaguzi aliona aibu kwa ile kelele yake. Akajikaza kiume, akasogea tena kwenye sanduku. Katikati ya breka walikuwa wamebaki kadhaa wamejibana. Swichi kubwa aliizima mwenyewe, kwa nini aogope? Akanyoosha mkono awafagie kwa vidole.

Hapo ndipo nilipouona. Nyuma ya wale senene, kati ya nyaya zangu zilizonyooka, kulikuwa na waya mweupe wa kusokotwa, ule wa taa za mezani. Haukuwa wangu. Ulitokea juu, kulia, umepita kwenye tundu langu, ukingo wa chuma umeuchuna ngozi, na shaba iko wazi. Ulikwenda moja kwa moja juu ya swichi kubwa, upande wa umeme unaoingia kutoka kwenye mita. Upande ule hauzimiki ukizima swichi. Sikuwa na muda wa kusema "samahani, bwana mkaguzi." Nilimpiga mkono. Nilimchapa kofi la nguvu mpaka ubao wake wa kuandikia ukaanguka.

"Wewe mama!" akasema.

Nikachomoa tesa, nikaigusisha kwenye ile shaba. Ikawaka nyekundu.

Yule mama aliacha kukusanya. Mkaguzi aliitazama tesa, akautazama mkono wake, akaurudisha mfukoni taratibu. Akilini nilimwona amelala pale sakafuni katikati ya senene, kijana wa watu, na kwao wanamngoja. Bado namwona, nikiwa na homa.

Tukamtuma jirani awaite watu wa shirika la umeme, umeme ukakatwa kutoka nje, waya ukatolewa. Ta Projesti akaeleza. Alikuwa amewasha taa yake siku mbili, "temporari tu," hadi mimi nitakapokuja Jumamosi. Aliona pale juu pana kitu laini, akakisukuma kwa kidole, kikaingia, akapata njia. Waya aliutoa nje kupitia ukutani, na senene wakaufuata waya kurudi ndani.

Mkaguzi aliuliza, "Na hili tundu, nani alilitoboa?"

Ta Projesti akasimama wima, akafunga vifungo vya koti. "Ni mimi. Tundu nimetoboa mimi, waya nimepitisha mimi. Huyu binti hana kosa."

Wanangu, nafasi hiyo ilikuwa tamu. Mwenye nyumba amekubali kosa mbele ya mashahidi. Nyaya zangu safi, vibandiko safi, nimemwokoa mkaguzi kwa mkono wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, nami kunyamaza najua, mnaniona hapo kwenye kundi. Nikamtazama Mzee Zakaria. Anatafuna kahawa, anatazama nje migombani, kana kwamba mambo haya hayamhusu. Mkaguzi akaokota kitu sakafuni, akakishika kwa vidole viwili. Kimkeka changu cha kijivu.

"Tundu ni langu," nikasema. "Nimekosea kugonga, nikaona haya kuomba kiziba, nikasuka hicho."

"Afadhali umesema," akaropoka mke wa Ta Projesti kutoka sakafuni. "Maana huyu hajui kusuka hata kamba ya mbuzi."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akanionyesha karatasi: sijafaulu, nirudi kukaguliwa baada ya miezi mitatu. Sababu aliyoandika ilikuwa moja, tundu lililo wazi. "Kofi sijaliandika," akaniambia kwa sauti ya chini, akanipa mkono ule ule niliouchapa. Walimfungia senene kwenye jani la mgomba. Alikula mmoja kwa adabu, na nilipomsindikiza mpaka njiani alikuwa anafungua jani kwa mara ya tatu.

Niliporudi, Mzee Zakaria alikuwa amesimama mbele ya sanduku. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Safari hii haikuwa kahawa. Kilikuwa kiziba cha plastiki, cha kijivu, ukubwa ule ule.

"Nilikuwa nacho Jumanne," akasema. "Nilikitia mfukoni baada ya mwenye duka kuniambia kwamba fundi wangu amezunguka mji mzima anakitafuta. Nilingoja uombe."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mzee. Nilimwambia kama alikuwa nacho mfukoni, na kidole chake kilijua, basi alimweka yule kijana kwenye hatari pamoja na mimi, ili tu anifundishe adabu. Nilimwambia, "Na angekufa?"

Aliacha kutafuna. Alikaa kitini, akakishika kile kiziba kiganjani.

"Hapo umenishika, Koku," akasema. "Wewe ulijifanya nshomile wa kutoomba, na mimi nikajifanya nshomile wa kungoja. Mungu ametuhurumia wote wawili."

Akanipa kiziba. Nikakibonyeza tundu la juu, kulia. Kikalia *tik*. Sauti ndogo kiasi hicho, na nilihangaika nayo wiki nzima.

Baada ya miezi mitatu nilifaulu, na mkaguzi alikuwa yule yule, safari hii alikuja na kopo tupu garini ili mke wa Ta Projesti amjazie senene. Leseni ilikuja na jina langu. Taa ya Ta Projesti niliipa laini yake na breka yake, na kibandiko chake aliomba akiandike mwenyewe, kwa mwandiko wa ualimu: SENENE. Mpaka leo kipo, ingawa mwenyewe ametangulia.

Sasa nakuja kwako, wewe wa Muleba.

Siandiki kwenye kundi kwa sababu sitaki wenzako wakucheke. Najua ulivyofanya, kwa maana nilifanya mimi. Ulikosea kugonga, duka halikuwa nacho, mwenye nyumba anataka ahamie, na picha imetoka vizuri. Mimi siwezi kungoja uombe, kama alivyoningoja Mzee Zakaria. Alikosea, nilimwambia, naye alikubali. Kwa hiyo nakutangulia: zima swichi kubwa, pima kwa tesa, usiamini swichi peke yake, kisha ng'oa huo mkanda mweusi. Viziba ninavyo hapa Kahororo, kopo zima, ukubwa wote, juu ya kabati karibu na mlango. Nyumba haina geti, na mbwa ni mzee kuliko mimi. Ukifika usijieleze wala usiniletee zawadi. Sema tu, "Ma Koku, naomba kiziba," nitakupa viwili, maana najua na nyumba uliyofunga kabla ya hiyo.

Nakungoja mpaka Jumamosi. Usipoonekana, Jumapili baada ya misa napanda basi la Muleba na kopo langu mkobani, na wenzako wote watajua bibi alikwenda kwa nani. Na ukishakibonyeza kikalia, chutama hapo chini ya sanduku, upime kwa macho ya mwenye ndala zile anaona nini kutoka pale alipo. Muulize jina lake. Nataka uniambie anaitwa nani.